Kuchelewa kwa Namba Tisa

Kiwanja kiko pembeni mwa mji wa Katoro, nyuma ya karasha za kusagia mawe, na magoli yake ni ya miti ya mkaratusi isiyo na nyavu. Mzee anayewafundisha vijana pale alikuwa mshambuliaji enzi zile Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Jumapili moja nilimkuta akiwanoa vijana wake kwa zoezi moja tu, lilelile, jioni nzima. Winga anashuka na mpira upande wa kulia, anapiga krosi, namba tisa anamalizia. Basi.

Winga akapiga. Namba tisa, kijana wa miaka kama kumi na sita, akatoka mbio kama aliyekanyaga kaa la moto, akafika mbele ya goli, akasimama kuusubiri mpira. Mpira ukapita nyuma ya kisigino chake. Mzee akapuliza filimbi.

"Umewahi, baba," akamwambia. "Rudi. Chelewa kidogo."

Kijana alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Nilimwelewa. Ukanda huu wa dhahabu umejengwa na watu wanaowahi. Ikisikika kwamba kuna duara la wachimbaji limetoa dhahabu Nyarugusu, au Rwamgasa, au Mgusu, simu zinapigwa usiku huohuo, na kabla jua halijatoka watu wako njiani na sururu, ndoo na magunia. Anayefika wa kwanza anapata mahali pa kuchimba. Anayefika wa pili anamfanyia kazi aliyefika wa kwanza. Mtoto anayekulia hapa husikia "wahi" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wahi maji, wahi gari la Mwanza, wahi nafasi. Chelewachelewa utakuta mwana si wako, wanasema wazee, na huku mwana wa methali hiyo mara nyingi ni shimo lenye dhahabu.

Kwa hiyo kumwambia kijana wa Katoro achelewe ni kumwomba aache kitu alichonyonya. Lakini mzee alikuwa sahihi, na nadhani neno lake lile moja limebeba karibu kila ninachokipenda katika kazi ya mshambuliaji wa kati. Watu wengi huitazama kazi hiyo na kuona mtu anayewahi mpira. Mimi, baada ya miaka mingi ya kukaa pembeni mwa viwanja, naona mtu anayejua kuchelewa kwa kipimo.

Mpira ukiwa pembeni, macho ya uwanja mzima yanakwenda kwa winga. Mabeki wa kati nao wanavutwa huko, ila wao wana kazi mbili: wautazame mpira, na wamtazame mtu. Shingo ni moja. Mshambuliaji mzuri anaishi katika pengo lililopo kati ya kazi hizo mbili. Anasimama nyuma ya bega la beki, upande ambao beki hawezi kumwona bila kugeuka. Beki akigeuka, anamkuta amesimama mikono kiunoni, amepoa, kama mtu anayengoja kuhudumiwa dukani. Beki anaridhika, anarudisha macho kwenye mpira. Hapo ndipo mshambuliaji anasogea hatua mbili. Beki akigeuka tena atamkuta amesimama vilevile, ila hatua mbili pembeni, na hatua mbili ndani ya boksi ni umbali mkubwa mno.

Kisha inakuja hatua ya uongo. Anaanza kwenda nguzo ya karibu, kwa nguvu, kwa uso wa mtu aliyekusudia. Beki anamfuata, kwa sababu beki naye amefundishwa kuwahi. Mshambuliaji anakata, anarudi nyuma, na nafasi aliyoiacha beki sasa ni yake. Mashabiki hawalioni hilo. Wanachokiona ni bao, na midomoni mwao bao hilo linaitwa rahisi: alikuwa peke yake, hata mimi ningefunga. Alikuwa peke yake kwa sababu alijiweka peke yake.

Na kwa nini asifike mapema? Aliyefika mapema amesimama. Mpira ukimkuta amesimama, lazima aurukie akiwa wima, bila mwendo, huku beki akija kwa mbio na kumpita juu. Aliyefika kwa kuchelewa anakuja na kasi yake, na mpira unamkuta bado anakwenda. Kubwa zaidi, mtu aliye nyuma ya mpira anaweza kuongeza mwendo, lakini aliyekwisha utangulia hana la kufanya ila kujikunja na kujaribu kisigino. Kuna pia suala la kuotea. Anayewahi ananaswa na kibendera; mwenye subira anakimbia sambamba na mstari wa mabeki, kama anayetembea ukingoni mwa mto, mpaka mguu wa mpigaji uguse mpira. Ndipo anaingia.

Mtu wa kwanza kunionyesha haya sikuwahi kumwona kwa macho. Ilikuwa Kahama, kwenye kibanda umiza, msimu wa 2002/03. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi madirishani, televisheni moja juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, jenereta likinguruma nje. Manchester United walikuwa na mshambuliaji Mholanzi, Ruud van Nistelrooy, ambaye jina lake lilizitesa ndimi zetu mpaka tukakubaliana kumwita Mholanzi tu. Kibanda kizima kilimpenda Beckham kwa mipira yake ya adhabu, na Scholes kwa mashuti ya mbali. Mholanzi alipofunga walishangilia bao bila kumsifu mfungaji. Mabao yake yalikuwa ya karibu. Amegusa tu. Ameusukuma tu. Umemgonga, ukaingia.

Leo nazijua namba zake, na namba hizo ndizo utetezi wake. Aliifungia United mabao 150 katika mechi 219. Kati ya hayo, 149 aliyapiga akiwa ndani ya boksi. Kibanda chetu cha Kahama kiliyachukua mambo hayo kama upungufu: mtu asiyeweza kupiga kutoka mbali. Mimi nayachukua kama ukaidi wa fundi anayejua benchi lake la kazi liko wapi na hatoki hapo hata akiitwa.

Hakuzaliwa nayo. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika habari zake. Alizaliwa mjini Oss mwaka 1976, na alipoanza katika klabu ya Den Bosch alikuwa kiungo, mara nyingine akipangwa hata beki wa kati. Ni pale Den Bosch walipomsogeza mbele. Mtu aliyewahi kucheza beki anajua beki anatazama nini, anaogopa nini, na ni saa ngapi shingo yake inachoka. Siwezi kuapa kwamba huko ndiko alikoipata siri yake, lakini kila nikiangalia mabao yake ya zamani naona mtu anayewaibia watu wa nyumbani kwake, mtu anayejua funguo zinafichwa wapi.

Kutoka Den Bosch alipita Heerenveen msimu mmoja, akaenda PSV mwaka 1998, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 31 katika mechi 34 za ligi. Mwaka 2000 United walitaka kumnunua, wakasita kwa sababu ya goti. Siku chache baadaye goti hilohilo likakatika kano mazoezini. Karibu mwaka mzima akawa nje. United walimsubiri, wakamsajili Aprili 2001, na katika msimu ule wa kibanda chetu alifunga mabao 44 katika mashindano yote, 25 yakiwa ya ligi, akawa mfungaji bora na bingwa. Alipokwenda Real Madrid mwaka 2006 akafunga mengine 25 ya ligi na kuwa mfungaji bora wa Hispania msimu wake wa kwanza. Alistaafu mwaka 2012 akitokea Málaga, akiwa na miaka 35.

Kuna bao moja la Mholanzi ambalo Kahama hawakulisahau. Machi 2003, dhidi ya Fulham, aliuchukua mpira karibu na katikati ya uwanja, akawapita watu mmoja baada ya mwingine mpaka golini. Kibanda kililipuka, benchi moja lilivunjika, tukatoa mia mbili mbili kulifidia. Ni bao zuri, silikatai. Ila ndilo bao lisilofanana naye. Ukitaka kumjua, tafuta lile ambalo mpira unapigwa na mwingine, unaokolewa na kipa, na yeye yuko pale, mguu wa kulia umekwisha kufunguka, ndani ya mguu ukiwa tayari umeelekea kona ya mbali. Kipa hulala chini akimtazama kama anayejiuliza amefika saa ngapi.

Uholanzi, lakini, nyasi ni nyasi. Huku kwetu mshambuliaji lazima kwanza aisome ardhi. Wasukuma ni wakulima na wafugaji, na wana majina ya udongo kama watu wa pwani walivyo na majina ya pepo. Luseni ni udongo wa mchanga mwepesi. Kiwanja cha luseni kinaumeza mpira: krosi ikidunda inakufa, pasi ndefu inaishia njiani. Ibambasi ni ule mgumu, ambao kiangazi unakuwa kama sakafu ya saruji. Mpira ukidunda pale unaruka mpaka kifuani, na wakati mwingine unateleza chini chini bila kudunda kabisa. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa mabondeni. Jua likikaza unapasuka nyufa za kumeza kidole cha mguu. Mvua zikianza unanata kwenye soli mpaka kila kiatu kinakuwa na uzito wa jembe.

Mtoto anayecheza chandimu kwenye ibambasi anajifunza mapema kwamba mdundo wa kwanza ni mwongo. Anayeukimbilia unampita juu ya kichwa. Anayengoja mdundo wa pili anaukuta umetulia kiasi, unaguswa. Kwenye luseni ni kinyume: mpira hauji ulipo, lazima uufuate, lakini ukiufuata upesi mno unauruka. Kila udongo una kuchelewa kwake. Nimewaona vijana kutoka Kishapu na Maswa wakicheza mara ya kwanza kwenye kapeti la nyasi bandia, wakawa kama watu waliotua mzigo: mpira unakwenda unakoelekezwa, na ile subira waliyofundishwa na ardhi mbaya inabaki kuwa faida tupu.

Shinyanga mjini kuna Uwanja wa Kambarage, na kulikuwa na timu iliyoupa uhai wa Ligi Kuu kuanzia mwaka 2014: Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi. Nadhani hakuna klabu nchini yenye asili ya haraka kuliko hiyo. Stendi ni mahali ambapo mkate wa mtu hutegemea kumwahi abiria kabla mwenzako hajamshika begi. Na timu hiyo ya watu wa haraka ikawa na bahati ya washambuliaji waliojua kungoja.

Elias Maguli alikuwa mmoja wao. Alikuja Stand akitokea Simba, na mwishoni mwa mwaka 2015 alikuwa na makali kiasi cha kuitwa Taifa Stars. Novemba 14 mwaka huo, Uwanja wa Taifa, Tanzania ilicheza na Algeria kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2018. Algeria ile ilikuwa imetoka kuitoa jasho Ujerumani katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka mmoja tu kabla. Dakika ya 43, Maguli wa Stand United ya Shinyanga akafunga. Mbwana Samatta akaongeza la pili dakika ya 54. Algeria walisawazisha yote mawili, ikawa 2-2, na mechi ya marudiano ilikuwa na huzuni yake ambayo sina haja ya kuirudia. Ila zile dakika za siku ile bado ninazo. Mwaka uliofuata Maguli akaenda Oman kuichezea Dhofar ya Salalah.

Septemba 16, 2018, Stand walikwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga. Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu. Matatu, Uwanja wa Taifa, mtu mmoja, kutoka timu ya stendi. Yanga wakashinda 4-3. Nimewahi kufikiria sana safari ya mshambuliaji baada ya siku kama hiyo: karibu kilomita elfu moja kurudi Shinyanga, umefanya kila kitu ambacho kazi yako inataka, na huna hata pointi moja ya kuonyesha. Msimu ule Stand walishuka daraja. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi uliofunguliwa mwaka 1940, ilibaki kushikilia jina la mkoa mpaka mwaka 2021, nayo ikashuka.

Mwaka huohuo ambao Mwadui walishuka, Geita Gold wakapanda. Na hapo ndipo ninapofika kwa mtu niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

George Mpole. Jina lenyewe ni la kazi yake. Msimu wa 2021/22, Geita Gold ikiwa ngeni kabisa Ligi Kuu, na kwa sehemu kubwa ya msimu ikiwa mikononi mwa kocha Fred Felix Minziro, Mpole alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa Tanzania Bara. Kumbuka ulikuwa msimu gani. Yanga walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mshambuliaji wao Fiston Mayele alikuwa akifunga na kutetema, ule mtindo wake wa kushangilia, na nchi nzima, kuanzia watoto wa chekechea mpaka wabunge, ilikuwa ikitetema pamoja naye. Mayele alimaliza na mabao 16. Mshambuliaji wa timu ngeni, kutoka mji wa machimbo ambao watu wa Dar huusikia wakati bei ya dhahabu inapopanda, alimpita kwa moja, na mbio zenyewe zilikwenda mpaka mwisho kabisa wa msimu.

Namheshimu Mayele, na naamini ni mmoja wa washambuliaji bora waliowahi kupita katika ligi yetu. Lakini tuzipime kazi hizi mbili kwa mizani ya haki. Katika timu bingwa, mpira unaingia boksi kila dakika chache. Ukikosa nafasi hii, nyingine iko njiani. Kosa halina muda wa kukuuma. Geita Gold haikuwa timu ya namna hiyo. Ilikuwa timu ya kukaba, kuvumilia, kisha kutoka. Namba tisa wake angeweza kukaa nusu saa nzima bila kuguswa na mpira wa maana, akikimbia njia ambazo hakuna pasi iliyomfuata, akisukumwa na mabeki, jua la saa tisa likiwa utosini. Kisha nafasi inakuja, moja, na inadumu kwa muda wa kupepesa macho. Ligi ilikuwa na mechi 30. Mabao 17 katika mechi 30, kwa mshambuliaji wa timu ya namna hiyo, maana yake ni kwamba alikuwa macho katika zile dakika zote ambazo hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nilipokuwa nikimwangalia sikuutazama mpira. Nilimtazama yeye. Hakuwa mtu wa chenga nyingi, wala sikumwona akitafuta kupendwa na jukwaa. Alikuwa akitembea. Anamnyemelea beki wa mbali, anamwacha azoee uwepo wake, anarudi nyuma hatua moja wakati wenzake wote wanasonga mbele. Ukiwa na haraka utasema amechoka. Nilisikia mtu nyuma yangu akimtukana kwa kutembea, kisha nikamsikia mtu huyohuyo akiruka na kumkumbatia jirani yake.

Mtaani walisema ana nyota. Geita neno hilo lina uzito wake, kwa sababu hata mchimbaji aliyepata husemwa ana nyota, na asiyepata husemwa nyota yake imefunikwa, na kuna watu wanaolipwa kuzifunua. Sitaki kuwadharau wanaoamini hivyo. Mtu aliyechimba miezi minane bila kuona kitu ana haki ya kutafuta maelezo popote. Ila kumwambia fundi kwamba kazi yake ni nyota ni kumnyang'anya jasho lake. Mchimbaji hana namna ya kujua mwamba umeficha nini. Mshambuliaji anaweza kujua beki atageuka lini, na anajua kwa sababu amemtazama beki huyo kwa dakika sitini.

Juni 2022 Mpole aliitwa Taifa Stars, mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Niger, iliyochezwa Cotonou nchini Benin. Akafunga mapema sana, mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Iliisha 1-1. Kuna rafiki yangu aliyenikumbusha bao hilo kwa furaha, akidhani ananishinda: huyo mtu wako wa kuchelewa, mbona aliwahi? Nilimjibu kwamba kuchelewa ninakokusema hakupimwi kwa saa ya mwamuzi. Kunapimwa kwa beki. Unaweza kufunga sekunde ya kumi na bado ukawa umechelewa kuliko beki kwa nusu hatua, na hiyo nusu hatua ndiyo bao lenyewe.

Geita Gold walimaliza wa nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mpole akaondoka baadaye mwaka ule kwenda Lubumbashi, kwa FC Saint-Éloi Lupopo. Mwaka uleule Geita ikawa, kwa miezi michache, na mtu wa aina nyingine: Saido Ntibazonkiza, Mrundi wa miaka 35, aliyejifunza mpira wa watu wazima Uholanzi, katika klabu ya NEC ya Nijmegen, nchi ileile ya Mholanzi wetu wa Kahama, kabla ya kuzunguka Poland, Uturuki na Ufaransa. Hakuwa namba tisa kamili. Alipenda kuanzia nyuma, mpira ukiwa mguuni. Lakini katika umri ule miguu haina cha kukimbilia, na alilijua jambo hilohilo: tembea mpaka saa ya kutotembea. Desemba alihamia Simba, na msimu wa 2022/23 ulipokwisha alikuwa na mabao 17, sawa na Mayele, kileleni. Misimu miwili mfululizo, kwa hiyo, kiatu cha mfungaji bora kilivaliwa na mtu aliyepita na jezi ya Geita. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka. Mpole aliporudi nchini alivaa jezi ya Pamba Jiji, ng'ambo ya pili ya ghuba, Mwanza.

Kazi hii ina dhuluma moja ambayo haina dawa. Zile mbio za uongo, zile mara kumi alizokwenda nguzo ya karibu ili mwenzake afunge nguzo ya mbali, hazihesabiwi na yeyote. Kwenye msimamo wa wafungaji kuna safu moja tu. Winga anayepiga krosi siku hizi ana safu yake, ya pasi za mabao. Kipa ana yake, ya mechi asizofungwa. Aliyemtoa beki njiani bila kuugusa mpira hana kitu, na atarudi nyumbani na kusikia redioni kwamba leo hakuonekana.

Katoro, Jumapili ile, mzee alimweleza kijana jambo ambalo naona lingestahili kuandikwa kwenye milango ya vyumba vya kubadilishia nguo. Usiutazame mpira, alimwambia, mtazame winga. Winga yeyote akitaka kupiga krosi lazima kwanza ainamishe kichwa autazame mpira wake. Kichwa kikiwa juu, tulia, tembea, mwache beki akuone. Kichwa kikiinama, ndipo uende.

Walirudia mara ya nne, ya tano, ya sita. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kivuli cha goli kikafika katikati ya uwanja. Mara ya saba winga alishuka na mpira, na namba tisa akawa anatembea, kwa shida, mabega yamekaza kama mtu anayejizuia kukimbilia gari linaloondoka. Winga akainamisha kichwa. Kijana akaenda. Beki aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega akabaki nyuma mita nzima, akimtafuta kushoto wakati yuko kulia, na mpira ukaja mahali hasa alipokuwa akifika. Ukamgonga ugoko. Ukapaa, ukatoka nje, ukaenda kutua kwenye lundo la mchanga wa karasha.

Wenzake wakacheka. Mzee alikuwa amekwisha iweka filimbi mfukoni, na alikuwa akipiga makofi.